Ua la Usiku Mmoja, na Mimi Niko Naiti

Hapa kwetu kaskazini mwa Uingereza Oktoba imeingia na baridi yake. Saa kumi na mbili jioni taa zimeshawashwa, na watoto wanauliza kwa nini usiku umekuja mapema.

Mara nyingi safu hii huzungumzia presha, sukari na chanjo za watoto. Leo nitazungumzia ua. Dada yetu mmoja aliyeko Marekani ameniandikia kwamba jirani yake alimpa mmea wenye matawi marefu, bapa, ya kijani, yanayoning'inia kama mikanda. Jirani alimwambia utatoa ua zuri kuliko yote aliyowahi kuliona. Imepita miaka minne. Ua hajaliona, na sasa mume wake anamwambia autupe maana umejaza dirisha.

Dada, usiutupe. Wangu nilikaa nao miaka mitano kabla sijaliona ua lake kwa macho yangu. Na makosa uliyoyataja kwenye barua yako, karibu yote nimeyafanya mimi kabla yako.

Ni mmea gani huu?

Wengine huuita kaktasi-okidi. Okidi siyo, ila maua yake ni makubwa na ya kupendeza kama ya okidi. Ni jamaa wa mpungate, lakini hauna miba ya kuchoma. Jina lake la kitaalamu ni Epiphyllum, neno lenye asili ya Kigiriki linalomaanisha "juu ya jani", kwa sababu ua huonekana kama limeota ubavuni mwa jani. Kwa kweli yale si majani bali ni matawi yaliyojibapa.

Asili yake ni misitu ya Meksiko na Amerika ya Kati. Hauishi jangwani. Huota juu ya miti mikubwa, kwenye panda za matawi palipokusanyika majani makavu yaliyooza. Mti haunyonywi, unapandwa tu. Karibu kaktasi zote duniani ni za Amerika, lakini iko moja, Rhipsalis baccifera, inayoota yenyewe hata kwenye misitu ya Afrika Mashariki, nayo pia hukaa juu ya miti. Kwa hiyo tabia hii si ngeni kabisa kwetu.

Ziko aina mbili mtakazokutana nazo zaidi majumbani. Ya kwanza ni Epiphyllum oxypetalum, yenye ua jeupe lenye harufu kali tamu, linalofunguka usiku mmoja tu na kunyauka alfajiri. Ya pili ni mahuluti, yenye maua mekundu, ya waridi, ya manjano au ya rangi ya chungwa. Hayo huchanua mchana na hukaa siku mbili tatu au zaidi. Wangu ni ule wa usiku.

Ulivyonifikia

Nilipewa kipande cha tawi mwaka 2019 na muuguzi mwenzangu anayetoka Kerala, kule India. Kwao unaitwa nishagandhi, na ukichanua majirani huitana kuja kuutazama. Alinikabidhi kipande hicho kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kimefungwa kwenye karatasi ya kufutia mikono. Mimi nilipokiangalia nikacheka, maana nilikitambua. Mama yangu anao Tanga, kwenye debe la mafuta ya kupikia, uani chini ya mwarobaini. Yeye huuita ua la usiku, basi. Anaumwagilia maji aliyooshea mchele akikumbuka, na kila mwaka unachanua.

Nikajiambia, kama mama anaweza kwa debe, mimi mwenye stashahada ya uuguzi na shahada juu yake nitashindwaje?

Nilishindwa. Mwaka 2020 nikaununulia chungu kikubwa na udongo bora wa dukani. Nikauweka sebuleni juu ya hita ili usione baridi. Nikawa naumwagilia kila ninaporudi kazini. Mmea ukarefuka hadi ukafika kwenye pazia. Ua hakuna.

Februari 2021 baba yetu alifariki. Wengi wenu mnaujua mwaka ule, na mnajua safari zilivyokuwa. Alizikwa siku ileile baada ya alasiri. Mimi nilimzika kwa simu, nimekaa kwenye ngazi za nyumba hii, mdogo wangu ameshika kamera na mkono unamtetemeka. Mama akaingia eda. Siku moja ya Mei, mvua za masika zinanyesha, akanitumia ujumbe wa sauti. Hakuzungumzia msiba. Alisema, "Mwanangu, lile ua la usiku limechanua. Mashada matatu. Nimekaa nalo uani mpaka likafunga."

Niliusikiliza ujumbe huo mara nyingi. Tangu siku hiyo sikutaka tena ua kwa ajili ya kupendezesha dirisha. Nilitaka na mimi nikae nalo mpaka lifunge.

Makosa yangu manne

Nilimpigia mama nikamweleza ninavyoutunza. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa huo mti unapumzika saa ngapi?" Sikuwa na jibu. Nikaanza kusoma na kuuliza, na nikagundua yafuatayo.

Kosa la kwanza lilikuwa chungu kikubwa. Kaktasi hii huchanua vizuri mizizi yake ikiwa imebanana. Ukiipa nafasi kubwa, hutumia miaka kujaza udongo kwa mizizi na kutoa matawi. Tena udongo mwingi hubaki na maji mengi, na mizizi huoza. Nilipoutoa wangu nilikuta mizizi ya chini imeoza, myeusi, inanuka. Nikakata yote iliyooza, nikaacha mizizi ikauke siku chache, nikaurudisha kwenye chungu kidogo cha upana wa sentimita 15. Debe la mama lilikuwa sahihi kuliko chungu changu cha bei.

Kosa la pili lilikuwa maji ya kila siku. Wodini hatumwongezei mgonjwa maji kwa sababu tu tunampenda. Tunaangalia kinachoingia na kinachotoka. Kwa mmea huu chati yako ni kidole. Kiingize kwenye udongo sentimita mbili au tatu. Pakiwa pakavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye sahani. Pakiwa na unyevu, uache.

Kosa la tatu ndilo alilolisema mama: mapumziko. Kule kwetu mmea hupata msimu wa kiangazi na msimu wa mvua. Mimi nyumbani kwangu niliuwekea msimu mmoja tu mwaka mzima, joto la hita na taa ya sebuleni inayowaka mpaka saa saba usiku wakati nasomea shahada. Wanaofuga kaktasi hizi katika nchi za baridi husisitiza kipindi cha ubaridi wa wastani, maji machache na usiku mrefu wenye giza. Ndipo mmea hujiandaa kuchanua. Sisi wa naiti tunajua mtu asiyelala gizani anavyokuwa.

Kosa la nne nitalisimulia baadaye kidogo, maana hilo ndilo lililoniuma.

Ratiba ya mwaka

Kwa walioko Uingereza, Ulaya ya kaskazini, Kanada na majimbo ya baridi ya Marekani, fanyeni hivi.

Kuanzia sasa Oktoba mpaka mwisho wa Februari, uweke mahali penye mwanga wa mchana lakini pasipo hita, penye nyuzijoto kati ya 10 na 14. Chumba cha wageni kinafaa, au dirisha la ngazini. Usiku pasiwashwe taa kwa muda mrefu. Mwagilia kidogo, labda mara moja kila wiki mbili au tatu, ili matawi yasisinyae tu. Mbolea usitie kabisa. Usiuache ukapigwa na baridi kali, maana jalidi huuua.

Machi, urudishe kwenye joto la kawaida la nyumba na uongeze maji polepole. Anza mbolea. Tumia ile mbolea ya maji ya nyanya inayouzwa madukani, kwa sababu ina potasiamu nyingi, na potasiamu husaidia maua. Mbolea yenye naitrojeni nyingi itakupa matawi ya kujaza dirisha, kama ya dada yetu. Tia nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kila baada ya wiki mbili, hadi Septemba.

Mwisho wa Mei, jalidi ikishapita, unaweza kuutoa nje. Uning'inize chini ya mti au uweke kwenye kivuli. Huko kwao hukaa chini ya miti, kwa hiyo jua kali la mchana huunguza matawi yakawa ya njano au mekundu. Ndani ya nyumba, dirisha linalopata jua la asubuhi ndilo bora. Septemba, kabla ya baridi ya kwanza, urudishe ndani.

Kwa walioko Oman na nchi za Ghuba, kazi yenu ni kinyume. Baridi yenu ya Desemba hadi Februari ndiyo mapumziko yake, kwa hiyo miezi hiyo uwekeni nje kivulini na kupunguza maji. Kiangazi kikija uingizeni ndani karibu na dirisha, mbali na upepo wa kiyoyozi.

Udongo: changanya mboji mafungu mawili, vipande vya magome ya mti vinavyouzwa kwa ajili ya okidi fungu moja, na perilaiti fungu moja. Maji yapite upesi. Badilisha chungu kila baada ya miaka miwili au mitatu tu, baada ya maua kwisha, na chungu kipya kizidi cha zamani kwa kidogo.

Ukitaka kuzalisha mwingine, kata kipande cha tawi bapa chenye urefu wa sentimita 10 hadi 15. Kiache mahali pakavu kwa wiki nzima mpaka kidonda kifunge, kisha kisimamishe kwenye udongo mkavu kidogo, upande uliokuwa chini ubaki chini. Usikimwagilie wiki ya kwanza. Subira inahitajika, kwani huchukua miaka miwili, mitatu au zaidi kutoa ua.

Ukikata matawi, usiyakate ya zamani yote. Matumba hutoka kwenye matawi yaliyokomaa, si kwenye machipukizi ya mwaka huu. Na kwa kawaida kila kitone pembeni mwa tawi hutoa ua mara moja tu, kwa hiyo unahitaji ya zamani na mapya pamoja.

Ukiona vitu vyeupe kama pamba kwenye maungio ya matawi, hao ni vidung'ata. Chovya pamba ya masikio kwenye spiriti ya hospitali, uwafute mmoja mmoja. Rudia kila wiki mpaka waishe.

Tumba lililoanguka

Majira ya baridi ya 2021 niliulaza mmea wangu kwenye chumba cha nyuma kwa mara ya kwanza. Julai 2022 ukatoa tumba moja, dogo kama punje ya mchele, likakua likawa na shingo. Furaha iliyoje! Nikataka kumpigia mama picha. Mwanga haukuwa mzuri, nikakigeuza chungu upande wa pili, nikapiga, nikakiacha hivyo hivyo. Siku ya nne nikalikuta tumba sakafuni.

Hilo ndilo kosa la nne. Tumba likishatoka, usigeuze chungu, usikihamishe, usiache udongo ukauke kabisa. Tumba limejielekeza kwenye mwanga. Ukiligeuza huhangaika na mara nyingi mmea huliachia. Siku hizi nimebandika kipande cha plasta ya wodini kwenye chungu upande wa dirishani. Binti yangu wa miaka minane ndiye mlinzi. Akimwona baba yake anafuta vumbi hapo, hupiga kelele, "Baba, plasta!"

Mwaka 2023 likaja tena tumba moja, na safari hii likakaa. Nilihesabu wiki kama nne tangu lionekane. Sikilizeni dalili za mwisho: tumba huning'inia kwanza, halafu shingo hujikunja na kuinuka kama ya bata maji. Ncha huvimba. Siku yenyewe, alasiri, huanza kuachia kidogo na weupe huonekana. Ukiona hivyo, ni usiku wa leo. Hakuna kesho.

Niliuona weupe ule saa kumi jioni. Zamu yangu ilikuwa inaanza saa moja na nusu usiku.

Kuna wakati unawaza kupiga simu useme unaumwa. Nawaambia ukweli, niliwaza. Lakini wodi ilikuwa na upungufu wa watu wawili tayari, nikavaa viatu nikaenda. Saa nne mume wangu akaanza kutuma picha. Simu yangu ilikuwa kabatini. Nilizikuta saa nane usiku kwenye mapumziko, picha kumi na saba na video ya binti yangu akinusa na kupiga chafya. Nilirudi nyumbani karibu saa tatu asubuhi. Lilikuwa limening'inia kama shingo ya kuku aliyechinjwa.

Sikulia kwa ajili ya ua. Mnaelewa nilichokuwa nalilia. Mtu anaweza kuzoea kuona arusi kwa video, mtoto wa ndugu kwa picha, kaburi kwa simu, akadhani amezoea kweli. Kisha kitu kidogo kikamkuta jikoni na koti la kazi bado mwilini.

Mume wangu hakusema neno. Akanitengenezea chai ya tangawizi, akasema, "Mwakani utabadilisha zamu." Nikamwambia ua haliniandikii barua kabla. Akasema, "Wiki nne linakuandikia."

Agosti mwaka 2024

Alikuwa na haki. Mwaka huo yakaja matumba mawili. Shingo zilipoinuka nilikwenda kwa mwenzangu Mfilipino, nikamwonyesha picha, nikamwambia: siku yoyote wiki hii nitakapokuuliza, nishikie usiku wangu, nami nitakupa Jumapili zangu mbili. Akakubali kabla sijamaliza kueleza. Kwao pia wako watu wanaozika kwa simu.

Alhamisi weupe ukaonekana. Nikampigia mama. Huku kukiwa saa nne usiku majira ya kiangazi, Tanga ni saa sita. "Nipigie," akasema, "sitalala."

Tukazima taa za jikoni tukabaki na moja ya barazani. Binti yangu akaleta mto na blanketi. Lilianza kufunguka saa tatu, jua limezama, unaliona kabisa likitikisika kidogo kila petali inapoachia. Saa nne na nusu yalikuwa yote mawili wazi, makubwa kuliko kiganja changu nilichokitandaza, na harufu imejaa hadi chumbani. Huko kwao harufu hiyo huwaita nondo wakubwa wa usiku waje kuyachavusha. Kwetu alikuja jirani wa ghorofa ya juu kuuliza tumechoma udi gani.

Nikapiga video. Mama akapokea, akasema mashaallah, akasema geuza nione ndani, akahesabu. Akauliza hali ya binti, naye binti akamwamkia, "Shikamoo Bibi," kisha akamweleza habari yote ya plasta kwa Kiswahili chake chenye mapengo, bila kuchanganya hata neno moja la Kiingereza. Nadhani hilo nalo nililisikia kwa mara ya kwanza usiku huo. Mama akaiegemeza simu kwenye mto ili aendelee kutazama.

Baada ya muda kukawa kimya. Nikaangalia kioo cha simu. Mama alikuwa amelala, mkono chini ya shavu, khanga imemfunika mpaka begani, feni inazunguka juu yake.

"Tumwamshe Bibi?" binti yangu akanong'ona.

"Mwache alale."

Hatukukata simu. Tukakaa hivyo, ua upande huu na mama upande ule, mpaka chaji yake ikaisha. Mimi nilibaki mpaka saa kumi alfajiri, yalipoanza kufunga.

Asubuhi mama alilalamika. "Mbona hukuniamsha?"

"Ulikuwa umelala, mama. Nilikuangalia."

Akafikiri kidogo. "Basi nimelala mbele ya ua. Si haba."

Dada yetu wa Marekani, hiyo ndiyo sababu nasema usiutupe. Leo hii utoe karibu na hita. Upeleke kwenye chumba chenye baridi kidogo, punguza maji, zima taa, uuache ulale mpaka Machi. Mumeo mwambie amepewa kazi ya kutogusa chungu.

Mwezi ujao, inshallah, tutazungumzia chanjo ya mafua kwa wazee na watoto, maana msimu wake umefika. Tukutane hapo.